Bahari Haikuwa Udhuru

Kikosi namba 259 cha Jeshi la Anga la Uingereza kilikuwa na kaulimbiu ya Kiswahili: Haya ingia napigane. Kiliundwa Kipevu, Mombasa, mwaka 1943, na kabla ya mwaka kwisha kikahamia Dar es Salaam, kikakaa katika bandari ile hadi kilipovunjwa mwezi wa Aprili 1945. Msomaji wa pwani hatakosa kuiona kasoro ya maneno yale. Ile "na" haina kwao: si amri ya mtu mmoja, si ya watu wengi. Ni Kiswahili cha gwaride, kile walichokiita Kikeya, lugha ya kuamrishana na si ya kuzungumza. Hata hivyo ni Kiswahili, na vijana waliopigana chini yake baadhi yao wamelala ndani ya bahari hii, wala watu wa Kigamboni wanaoitazama bahari hiyo kila alfajiri hawana habari nao.

Nawaleta vijana hawa mbele ya wapenzi wa mashairi kwa ugomvi maalumu. Kila wanapotajwa wapagazi na askari wa Kiafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza juu ya ardhi ya Tanganyika, hutolewa jawabu moja, tena kwa sauti ya upole na masikitiko: miili ilipotea, makaburi hayajulikani, miaka imekuwa mingi, majina yatapatikana wapi? Jawabu hili lilisemwa na maofisa wa kikoloni, likarithiwa na maofisa wetu, na siku hizi limo hata vinywani mwa malenga, ambao kazi yao ni kukumbuka. Nasema ni jawabu la uongo, na shahidi wangu wa mwanzo ni marubani wa kikosi kile.

Ndege zao zilikuwa za aina ya Catalina, zenye tumbo kama la mashua, zikitua majini na kuruka kutoka majini. Kazi yao ilikuwa ni kuzilinda meli zilizopita baina ya Aden, Mombasa na Rasi ya Tumaini Jema, kwa kuzisaka nyambizi za Wajerumani na za Wajapani zilizokuwa zikivizia katika Mlango wa Msumbiji. Tarehe 20 Agosti 1943, kusini ya Bukini, Catalina ya kikosi hicho ikisaidiwa na nyingine ya kikosi namba 265 iliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 pamoja na wote waliokuwamo. Ndege moja ilibeba watu wanane au tisa: rubani na msaidizi wake, mwongoza njia, washika redio, mafundi wa injini, wapiga bunduki. Waliweza kukaa angani saa ishirini bila ya kuona kitu ila maji. Ndege ya namna hiyo isiporudi, hapabaki kitu. Hapana majivu wala kiatu, hapana mti utakaowekwa alama. Kuna saa ya kuondoka iliyoandikwa katika daftari, na mstari wa pili ulio mtupu.

Sasa tazama walivyotendewa. Magharibi ya Iskandaria, mahali paitwapo El Alamein, pana ukumbusho uliofunguliwa tarehe 24 Oktoba 1954. Katika kuta zake yamechongwa majina ya maelfu ya watu waliokufa vitani bila ya kaburi kujulikana. Upande wa Jeshi la Anga una majina zaidi ya 3,000, na miongoni mwa nchi zilizotajwa kuwa ndiko walikofia mna Misri, Libya, Iraki, Uhabeshi, Bukini na Afrika ya Mashariki. Kwa maneno mengine, kijana aliyeruka kutoka bandari ya Dar es Salaam akamezwa na bahari pasipo mtu kuona, jina lake liko juu ya jiwe, pamoja na cheo chake, zaidi ya kilomita 4,000 kutoka hapo. Wajukuu wa ndugu yake wanaweza kwenda kulipapasa kwa kidole.

Simwonei kijana huyo husuda. Jina lake ni haki yake, nami ningependa lisomwe Kigamboni kama linavyosomwa Misri. Ninachotaka kionekane ni hiki tu: kupotea kwa mwili hakukuwazuia wenye nia. Bahari haikuwa udhuru.

Wala asiseme mtu kwamba hiyo ni heshima ya Wazungu peke yao kwa sababu Waafrika hawakuwa na madaftari. Tarehe 12 Februari 1944 meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives. Walikufa karibu watu 1,300 kwa muda wa dakika chache, na wengi wao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika ya Mashariki. Majina ya askari hao wa Kiafrika yamechongwa katika makaburi ya vita ya Nairobi. Basi mwaka 1944 Mwafrika aliyezama baharini aliweza kuwa na jina. Kilichobadilika baina ya vita vya kwanza na vya pili si bahari, wala si herufi za Kirumi.

Twende Kinondoni. Kando ya Barabara ya Bagamoyo, mahali ambapo daladala na malori hayanyamazi mchana wala usiku, pana makaburi ya vita yanayotunzwa vizuri kuliko makaburi yetu mengi. Majani yamekatwa, maua yamepandwa, mawe yamesafishwa. Yalianzishwa mwaka 1968, wakati makaburi 660 ya Vita Kuu ya Kwanza yalipolazimika kuhamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha njia mpya, na katika miaka ya mwanzo ya 1970 yakaletwa mengine yapatayo 1,000 kutoka sehemu mbalimbali za Tanzania. Ndani yake umesimama ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,500 ya watu waliokufa katika Afrika ya Mashariki tangu Januari 1917 bila ya kaburi kujulikana. Jina la ukumbusho wenyewe linatosha: ni Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi.

Mwenye kupita hapo na kuuliza, "Na Waafrika je?" huelekezwa mjini, kwenye Sanamu ya Askari. Hiyo twaijua sote. Imeingia hata katika maelekezo ya njia. Ilisimamishwa mwaka 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Wissmann iliyoondolewa na Waingereza mwaka 1916, nayo ina ndugu zake Nairobi na Mombasa. Ni kazi nzuri ya mikono, sikatai. Maneno yake yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyekuwa mshauri wa Tume ya Makaburi ya Vita katika mambo ya lugha, yakaandikwa kwa Kiingereza, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Maana yake ni ahadi: mwenye kuipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Wapenzi wa mashairi, izungukeni sanamu ile kwa pande zake zote nne mtafute jina moja tu. Hakuna. Imewekwa ahadi ya jina mahali pasipoandikwa jina!

Na aliyeitunga ahadi hiyo hakuwa mtu asiyejua uchungu wa jambo hili. Mwanawe, John, alipotea katika mapigano ya Loos huko Ufaransa mwezi wa Septemba 1915, akiwa na miaka 18, na baba alifariki mwaka 1936 bila ya kuonyeshwa kaburi la mwanawe. Aliutumia uzee wake kuhakikisha kwamba kila kijana kama John anapata jina lake juu ya jiwe. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni ya Tume tangu kuundwa kwake mwaka 1917: maiti wote sawasawa, tajiri kwa maskini, kila mmoja kwa jina. Kanuni nzuri, yenye adabu. Ilipofika kwetu ikapungua njiani, kama unga wa posho unaopita mikono mingi.

Tuseme wazi ni nani aliyeipunguza. Afisa wa Tume aliyekuja kuzungumza na Gavana Horace Byatt juu ya makaburi alirudi na maoni yake kwa maandishi. Gavana aliona kwamba makaburi makubwa ya wapagazi yaliyokuwapo Dar es Salaam na kwengineko yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo, na kwamba hakupendelea kuitazama hesabu ya roho za Waafrika zilizopotea kwa ajili ya taabu ya kuchukua mizigo. Maandishi haya yalilala katika makabati ya Tume yenyewe kwa karne nzima; yakaonyeshwa hadharani katika filamu ya David Lammy mwaka 2019, na mwaka 2021 Tume ikatoa taarifa ya kukiri na kuomba radhi. Taarifa hiyo inasema kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao kutoka Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Hebu tuyapime maneno ya Gavana kwa mizani ya lugha, maana hii ndiyo kazi yetu. Mtu hasemi "yaachwe yarudi porini" juu ya kitu asichojua kilipo. Makaburi yale yalijulikana. Yalikuwa makubwa, yalikuwa Dar es Salaam, yalionekana kwa macho, na kwa sababu hiyo hasa iliamuliwa yasionekane. Mji ule mdogo wa wakati huo umekuwa mji wa watu 5,383,728 kwa sensa ya mwaka 2022. Umejenga, umechimba misingi, umepitisha mabomba. Anayetwambia leo kwamba makaburi "hayajulikani" anakirudia kitendo cha Byatt kwa jina la msiba wa bahati mbaya.

Na majina? Jeshi lililokuwa likilipa mishahara haliwezi kuwa halikuandika majina. Wapagazi wa upande wa Waingereza waliandikishwa na idara iliyoongozwa na Oscar Watkins, wakapewa namba, wakahesabiwa. Wengi wao walikamatwa kwa nguvu, hasa mwaka 1917. Waliokufa, kwa makadirio ya wanahistoria, wanakaribia laki moja: kwa kuhara, kwa homa, kwa njaa, kwa kuchoka tu. Vita vilipokwisha ikabaki fedha nyingi ya mishahara ya wafu ambayo haikuchukuliwa na mtu. Watkins na wenzake wachache walidai fedha hiyo itumike kwa manufaa ya watu waliotoka kwao. Mjadala ulivutwa hadi miaka ya 1930, na Hazina ya London ikakataa. Msomaji, fikiri juu ya hesabu hiyo. Walijua kwa paundi na shilingi wanadaiwa kiasi gani, na huwezi kulijua deni bila ya kuwa na orodha ya wadai. Jina lilikuwapo lilipohitajika kwa hesabu, likawa halipo lilipohitajika kwa jiwe.

Wajerumani hawakuwa bora, nisije nikadhaniwa nawapendelea. Lettow-Vorbeck aliwaburura wapagazi wake kutoka Kilimanjaro hadi Msumbiji, akarudi kwao akapokewa kama shujaa.

Mfano mmoja unatosha kuweka mambo haya mawili bega kwa bega. Mwezi wa Januari 1917, mwezi uleule ambao ukumbusho wa Kinondoni umeanzia hesabu yake, jeshi la Waingereza lilikuwa likisukumana na Wajerumani katika bonde la Rufiji. Tarehe 6 ya mwezi huo ndege ya majini iliharibikiwa ikatua katika delta, katikati ya mikoko. Ndani yake alikuwamo rubani, Edwin Rowland Moon, na Kamanda Richard Bridgeman. Walitangatanga siku kadhaa katika vijito vile bila ya chakula, wakiogelea, wakijifungia vipande vya mbao kuwa chelezo. Bridgeman akafa, Moon akatekwa akiwa hoi. Kisa chao kinajulikana takriban kwa kila siku yake. Kimeandikwa katika taarifa za jeshi la majini na katika vitabu, na anayekisoma hukosi kumuonea imani.

Wiki zilezile, mto uleule ulikuwa umefurika. Barabara zilizama, chakula hakikupita, na maelfu ya wapagazi walikuwa wakipita katika matope yaleyale, kila mmoja na mzigo wake kichwani, wengine wakianguka na kuachwa palepale. Mbu waliomuuma Bridgeman ndio waliowauma wao. Kuna nani anayejua siku moja, siku moja tu, ya mmoja wao? Yule aliyeruka juu ya delta kwa saa moja ana kisa. Waliyoikata delta kwa miguu wana takwimu.

Kutoka mjini kwenda Rufiji hupiti Barabara ya Bagamoyo. Unapita Barabara ya Kilwa, katikati ya Temeke, hadi Mbagala, yanakopita mabasi ya kusini. Kwa miaka mingi njia hii imewashusha Temeke watu wa Rufiji, Kilwa, Lindi na Mtwara: Wandengereko, Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wamakonde, waliokuja kutafuta riziki wakakaa wakazaa. Hawa ndio wajukuu na vitukuu vya wapagazi. Kwa hiyo mji mmoja una barabara mbili za kumbukumbu. Iliyokwenda kaskazini ina kuta, bustani, na mabalozi wanaoweka mashada ya maua kila mwezi wa Novemba. Iliyokwenda kusini ina watu wenye damu ya marehemu, na haina hata kokoto.

Sisi watu wa pwani tunajua uzito wa aliyepotea. Mafakihi wetu wana mlango mzima juu ya mafkudi: mkewe atangoja mpaka lini, mali yake itagawiwa wakati gani, atahesabiwa hai au maiti. Mlango huo haukuandikwa kwa kupenda maneno. Umeandikwa kwa sababu mtu asiyejulikana kafa au hai huwafunga walio hai. Mwanamke wa Utete ambaye mumewe alichukuliwa mwaka 1917 akitoka shambani, wala hakuja mjumbe wala karatasi, alikaa eda ya nani? Watoto wake walirithi lini? Khitma ilisomwa tarehe gani? Mke wa rubani wa Catalina aliletewa simu yenye maneno machache ya kikatili, lakini aliletewa. Serikali iliyokwenda nyumba kwa nyumba kumtafuta mpagazi wakati wa kumchukua ilijua njia ya kurudi nyumbani kwake.

Wako watakaosema kwamba vita vile havikuwa vyetu, tuwaache Wazungu wazike vita vyao. Hoja hii ina sura ya uzalendo, nami naiheshimu kwa nusu. Kweli havikuwa vyetu. Lakini mpagazi hakuchagua upande, alichaguliwa, na kumwacha bila ya jina kwa sababu alikufa katika vita vya mwingine ni kumwadhibu kwa kosa la aliyemkamata. Taifa letu limejua kuwaheshimu wafu wake: kuna makaburi ya Kaboya kwa waliokufa katika vita vya 1978 na 1979, kuna Naliendele kwa waliokufa kwa ajili ya Msumbiji, kuna Siku ya Mashujaa kila tarehe 25 Julai. Hatukushindwa kujenga. Tulichagua kwamba historia yetu ya mashujaa ianze mahali fulani, na wapagazi wakabaki nje ya mlango.

Na wako watakaoniuliza kwa nini mimi mtu wa kisiwani nawashughulikia marubani wa mkoloni. Kisiwani kwetu tumekaa na wageni kama hawa kwa zaidi ya miaka mia moja. Manowari Pegasus ilipopigwa na Königsberg mbele ya mji wa Unguja tarehe 20 Septemba 1914, mabaharia wake walizikwa Chapwani, na manahodha wetu wanapita hapo na kupajua. Hakuna aliyepungukiwa na Uunguja wake kwa kupajua. Mtu anayemsitiri maiti wa mgeni ana haki zaidi ya kumdai mgeni maiti wake mwenyewe.

Lakini sitaki kuwalaumu Byatt na Hazina ya London peke yao, kwa sababu wao hawakuwa na utenzi. Sisi tulikuwa nao. Hemedi bin Abdallah alipoona vita vya Wajerumani na watu wa Mrima hakungoja tume. Utenzi wake umehifadhi majina ya watu na miji. Abdul Karim bin Jamaliddini akafanya hivyo kwa Vita vya Maji Maji. Shaaban Robert akatunga maelfu ya beti juu ya Vita Kuu ya Pili, akiifuata mizinga kutoka nchi hadi nchi. Utenzi wa wapagazi wenye majina ya wapagazi mimi sijapata kuusoma. Tumetunga juu ya amani, juu ya umoja, juu ya mwezi na mawimbi. Tumeitungia bahari mashairi yasiyohesabika, na katika mashairi hayo bahari ni mpenzi, ni siri, ni safari. Ni mara ngapi imekuwa kaburi la watu tunaoweza kuwataja? Sanaa ambayo tangu asili ilijua kuhesabu nasaba, kumtaja fulani bin fulani mpaka babu wa saba, imejifunza kusema "mashujaa wetu" kwa jumla, kama sanamu ile ya mjini.

Hoja ya kwamba wakati umekwisha pita nayo imevunjwa, tena karibuni. Cape Town ulifunguliwa mwezi wa Januari 2025 ukumbusho wa watu zaidi ya 1,700 wa vikosi vya kazi vya Afrika ya Kusini, weusi na machotara, waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza bila ya kukumbukwa. Kila mmoja amepewa nguzo ya mti, na juu ya nguzo jina lake. Majina hayo yalitoka katika makaratasi yaliyokuwapo siku zote. Nairobi nako nyaraka za jeshi zilizodhaniwa kuwa zimeteketea zimeonekana, na ndani yake mna majina ya Waafrika waliokufa. Yaliyowezekana Cape Town na Nairobi yatashindikanaje Dar es Salaam, mji ambao soko lake kubwa kuliko yote linaitwa kwa jina la wapagazi wenyewe? Kila siku maelfu ya watu hutamka "Kariakoo" wakiitia daladala, na jina hilo la kikosi kizima halijatuletea jina la mtu mmoja.

Basi nadai mambo mawili, nayo si makubwa. Kwanza, Kigamboni, mahali panapotazama mlango wa bandari, liwekwe jiwe kwa ajili ya marubani na wenzao walioruka kutoka Dar es Salaam wasirudi, na kaulimbiu yao iandikwe kama walivyoiandika, bila ya kusahihishwa sarufi. Pili, Barabara ya Kilwa, upande wa Temeke, ujengwe ukuta. Usingoje mpaka orodha ikamilike, maana orodha haitakamilika. Uanze na jina moja, wenye nafasi tupu za kuongezea, na serikali ya mji iidai Tume ya Makaburi ya Vita daftari lolote la mishahara lililobakia, ukurasa kwa ukurasa.

Wakati hayo yakingojwa, wajukuu wa wapagazi sasa ni wazee, na kila mwezi wanazikwa baadhi yao. Namuomba mhariri wa jarida hili atenge ukurasa mmoja katika kila toleo. Nawaomba wasomaji wa Mbagala, Mtoni, Tandika na Keko, na wa Mafia, Utete na Kilwa, na wa hapa kisiwani kwetu pia, walete wanachokijua: jina la aliyechukuliwa, jina la baba yake, kijiji alichotoka, na mwaka kama unajulikana. Wasisumbuke na vina. Yaandikwe majina kwanza; beti tutazitunga sisi.